Shangazi Hakuulizwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo sina mbwembwe. Tunamkumbuka mtafiti aliyetumia miaka kumi na tisa kutafuta jambo moja: kwa nini saratani ya matiti hurudi katika ukoo uleule, ikitoka kwa bibi na kumfikia mjukuu. Alifariki wiki tatu zilizopita. Kilichomuua ni saratani ya matiti. Ndiyo, mmesikia vizuri.

Kazini walimwita Mama Duara. Ukikaa tu mbele yake, anavuta karatasi na kuuchora ukoo wako: mwanamume mraba, mwanamke duara. Aliyeugua, duara lake linapakwa wino mweusi. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, mlango wa kijani, kuta zimejaa maduara mpaka darini. Mdogo wake, fundi friji, alimtania: "Dada, umefungua kiwanda cha sahani?" Naye alicheka mpaka akashika mbavu.

Fundi huyo ndiye aliyetusimulia haya. Alikuwa mtu wa kwanza kujibu fomu ya dada yake, ile ya majaribio. Walikaa karakanani kwake, friji mbovu ndiyo meza. Swali la nne liliuliza: "Kati ya mama zako wote, wakubwa kwa wadogo, nani aliwahi kuugua?" Fundi akajibu chapuchapu: "Mama zetu wote wazima, si unawajua?" Dada akaandika: hakuna.

Tulieni hapo kidogo, wapendwa. Mama zako. Mtafiti alijua fika kwamba kasoro ya vinasaba inayoleta saratani hii hupitia hata kwa baba. Kichwani mwake, katika "mama zako wote" alikuwemo na dada wa baba. Lakini nani anamhesabu shangazi kati ya mama zake? Shangazi ni shangazi! Fomu ikaenda hivyohivyo. Wanawake mia tatu na kumi na wawili waliandika "hakuna", wakaambiwa warudi nyumbani, wasiwe na wasiwasi. Damu yao haikupimwa.

Miaka tisa baadaye akagusa uvimbe kwenye titi lake mwenyewe. Alipomwambia mdogo wake, bisibisi ilimponyoka mkononi.

"Yarabi, kama shangazi."

"Shangazi gani? Shangazi si alikufa kwa homa?"

Haikuwa homa. Dada alikuwa shule ya bweni wakati ule. Fundi alikuwa nyumbani, akaona vitambaa vikibadilishwa kifuani mwa shangazi yao kila asubuhi. Baba akamkanya: dada yako ana mitihani, usimvuruge. Akanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea.

"Mbona hukuniambia?"

"Dada, hukuniuliza. Uliniuliza mama zetu."

Fundi anasema dada yake alikaa chini palepale, kwenye sakafu yenye grisi, akalia kwa sauti. Hakulilia titi. "Wale wanawake," alikuwa akisema. "Jamani, wale wanawake!"

Tangu siku hiyo akawa mtu wa simu. Nywele zimenyonyoka kwa dawa, mate yamekauka, anapiga. Namba nyingine zilishakufa, nyingine zina wenyewe wapya. Mwanamume mmoja alipokea simu ya mkewe, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Daktari, tumemzika mwezi wa tatu." Akakata. Mama Duara akapaka wino duara la mama yule, akapiga namba iliyofuata.

Aliwafikia mia mbili sabini na mmoja. Wamebaki arobaini na mmoja. Narudia: arobaini na mmoja. Siku mbili kabla hajafa bado alimwomba mdogo wake amshikie simu sikioni.

Fundi naye amepimwa. Kasoro anayo, na ana mabinti wawili. "Nilifunga mdomo miaka thelathini," aliniambia. "Sasa mwanangu akicheka sebuleni, natoka nje. Siwezi kumtazama."

Jumanne iliyopita, binti mkubwa aliingia mlango wa kijani. Fomu ya sasa ina mstari wake peke yake, kwa herufi kubwa: SHANGAZI. Muuguzi akauliza, "Una shangazi aliyewahi kuugua?"

"Mmoja."

"Naye yuko wapi?"

"Alikuwa akikalia hicho kiti chako."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Ilibidi aitwe mwingine aje kumalizia.

Kwa fundi, kwa mabinti, kwa wote wa korido ile: poleni, poleni sana, msiba huu ni wetu pia. Na wewe uliyewahi kuulizwa mama zako tu, ukaandika "hakuna", ukaenda zako na moyo mweupe: rudi ukapimwe. Tafadhali, rudi.

Majibu ya binti yanatoka Ijumaa. Baba yake ameniomba nisiyatangaze. Ameniomba niseme hili tu: mpigie shangazi yako leo. Kama hayupo tena, uliza alikufa kwa nini. Na ukiambiwa homa, uliza tena.