Zamu ya Betri

Aliyesimulia kisa hiki kwanza ni mama mdogo, aliyekuwa akiuza kahawa kando ya kibanda cha baba cha ushonaji. Alikisimulia Jumapili, siku nne baada ya kutokea, miaka kumi na miwili iliyopita, tukiwa jikoni tunamenya viazi. Baba alikuwa amepasuliwa goti, na paja lake la kulia likanywea hata akashindwa kukanyaga cherehani. Hospitali wakamwazima kijisanduku chenye nyaya mbili na vibandiko, cha kushtua misuli kwa umeme mdogo, ili paja lipate nguvu. Lakini kijiwe cha pale kibandani kilikuwa na desturi yake: kitu kipya hakitumiwi nyumbani kabla wote hawajakionja kwa zamu. Walikwisha kuonja miwani, viatu, hata dawa ya kikohozi siku ambayo hakuna aliyekohoa. Jumatano ile walikuwa baba, kinyozi aliyeitwa Bunge kwa kuwa hakosi hoja, na fundi saa aliyeitwa Betri. Huyu alikuwa na kifaa cha moyo kifuani, chini ya ngozi. Hakumwambia mtu pale, na kwa kuwa miaka tisa hakijamsumbua, mwenyewe alikuwa amekisahau.

— Haya Fundi, hospitali wamesemaje? Bunge aliuliza.

— Paja tu, baba alijibu. Ngozi iwe safi na kavu. Unabandika kikiwa kimezimwa, unaanza kiwango cha chini kabisa, dakika ishirini unazima. Mengine yako kwenye karatasi.

— Karatasi iko wapi?

— Chini ya birika, mama mdogo alisema. Meza ilikuwa inaungua.

— Mambo ya paja tu ni uchoyo. Mimi ningebandika kisogoni, akili nayo ipate mazoezi.

— Yako haihitaji mazoezi, Bunge, baba alisema. Inahitaji mazishi.

— Cheka tu. Haba na haba hujaza kibaba. Weka kiwango cha mwisho, tumalize leo leo.

— Mbona hiyo methali inasema kinyume? Betri aliuliza.

— Inategemea ukubwa wa kibaba.

Baba alikuwa amevaa kaptura makusudi. Alibandika, akawasha. Paja likatetema kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Aliweka kiganja juu yake.

— Linauma?

— Linaamka, baba alisema.

Dakika zilipokwisha akazima, na Bunge akabandikwa mkononi. Vidole vikakunjuka vyenyewe.

— Ningekuwa nimeshika wembe, mtu angeondoka na sikio moja.

— Wateja wako wameshazoea, mama mdogo alisema.

— Sasa nimeelewa. Ukilala na hiki usiku kucha, asubuhi unaamka umeshakimbia kilomita kumi. Ukiingia nacho kwenye beseni, ishirini. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Ukiingia nacho majini, baba alisema, hutaoga. Utaogeshwa.

Betri alikuwa anafungua vifungo vya shati.

— Zamu yangu. Mimi ni hili bega la kushoto, kwa kuinamia saa za watu. Bandika hapa, na kingine hapa mbele.

— Kimezimwa? baba aliuliza.

— Kimezimwa.

Kibandiko cha kwanza kikakaa begani. Pale kando alikuwa amesimama mama mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi kiuno, mara yake ya kwanza kufika.

— Samahani, alisema. Huyu mzee mnamwitia nini Betri?

— Kwa sababu hachoki, Bunge alijibu.

— Anachoka, mama mdogo alisema. Ngazi tatu tu, anakaa.

— Basi anauza betri za saa.

— Siuzi, Betri alisema. Wateja nawatuma dukani.

— Basi alizaliwa siku ya radi, ikampitia mama yake.

— Mimi nilimkuta anaitwa hivyo, baba alisema.

— Kwa hiyo hakuna anayejua?

Betri alikuwa ameshika kola, mkono haushuki.

— Mke wangu ndiye alianza, alisema polepole. Nilipotoka hospitali na hiki.

Aligusa kifuani, chini ya bega, palepale alipoelekeza kibandiko cha pili.

— Hiki nini?

— Cha moyo. Kina betri.

Baba alibandua kile cha begani kwa vidole viwili, akachomoa nyaya. Mama mdogo akainua birika. Karatasi ilikuwa na duara la kahawa, na katikati yake, kwa wino mwekundu: mwenye kifaa cha moyo asitumie kabisa. Baba akaisoma yote kwa sauti. Si kifuani, si shingoni, si kichwani. Si juu ya kidonda. Si kwa mjamzito. Si majini, si usingizini.

— Hii karatasi, Bunge alisema, iliandikwa na mtu aliyenisikia.

— Nisamehe, ndugu yangu, baba alimwambia Betri.

— Mimi ndiye niliyesahau. Miaka tisa nimekuwa nikishukuru kwamba naweza kusahau.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Bunge alisema. Mama mdogo alituambia hiyo ndiyo methali pekee iliyokaa mahali pake siku ile. Kahawa ilikuwa imebaki kikombe kimoja. Walimpa yule mama, nao wakakaa bila.

Sketi yake baba aliipunguza kwa mkono, kwa kuwa mguu ulikuwa bado. Kijisanduku alikitumia nyumbani, paja tu, mama yangu akishika saa. Wiki ya saba akakanyaga cherehani. Na kijiweni hakuna kitu kilichoonjwa tena kabla karatasi yake haijasomwa kwa sauti.

Bunge alifariki mwaka juzi. Mama mdogo, mwaka huu. Baba yu hai na bado anashona. Betri yu hai, kifaa chake kimebadilishwa mara moja. Yule mama hakuna aliyemwuliza jina. Katika orodha ya watu wetu, walio hai na waliofariki, nimemwandika Mama wa Sketi, na mbele yake, kwa kuwa sijui vinginevyo, nimeandika: hai.