Mto wa Mzee Gemu

Jumamosi, saa kumi na robo alasiri, Binti alifika kijiweni amekumbatia kifurushi kama mtu aliyebeba mayai. Benchi la nje ya saluni lilikuwa na wenyewe: Kinyozi, taulo begani, Dokta, ambaye maisha yake yote ametibu simu tu, na Breki, dereva wa lori. Birika la kahawa lilikuwa katikati. Watatu hao walikulia kwenye chumba cha gemu cha baba yake Binti, Mzee Gemu, na ndani ya kifurushi kulikuwa na diski moja yenye gemu zile zote za zamani, zilizotolewa upya.

— Zote zimo? Breki aliuliza. Hata ile ya mto?

— Hata ya mto, kaka. Kelele zilezile.

Mto ule wenye mamba haukuwahi kuvukwa na mtoto. Ukifika ukingoni unampa Mzee Gemu pedi ya kuchezea, anakuvusha, anakurudishia, wala hakusimangi.

— Nataka kumpelekea, Binti alisema. Lakini tangu kiharusi, mkono wa kulia haumtii. Anaufunika kwa leso hata mbele yangu. Akitumbukia mtoni je? Si nitakuwa nimemtonesha?

— Hatumbukii, Dokta alisema. Hizi mpya zina kitufe cha kurudisha nyuma. Unakufa, unabonyeza, unafufuka.

— Weee! Maji yakimwagika hayazoleki, Kinyozi akang'aka. Huo ni wizi.

— Wizi ni hao watengenezaji kuupunguza mto, Dokta alijibu, akiukodolea kwenye picha ya jalada. Zamani ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira!

— Ulikuwa mpana kwa sababu wewe ulikuwa mfupi, Kinyozi alisema.

— Nyie hamjui, Breki alisema. Gemu zinakumbuka watu. Wakimwona Mzee, mamba watapisha wenyewe.

— Mamba wa kwenye diski? Dokta aliuliza.

— Mamba ni mamba. Kibaya chajitembeza! Umewahi kuona mamba wa gemu amekaa?

Binti alicheka.

— Basi fanya hivi, Dokta alinong'ona. Mpe pedi isiyounganishwa, wewe jifiche nyuma ya kochi ucheze.

— Umdanganye Mzee Gemu? Kinyozi aliuliza. Aliyekuwa akinusa pedi anajua ulichokula?

Mshonaji mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri mwanawe anyolewe.

— Samahanini, jamani. Huyo mzee mwenyewe anasemaje?

Kinyozi alikung'uta taulo lisilo na nywele. Breki alinywa kikombe kitupu.

Jumapili asubuhi, baada ya chai, Binti aliweka diski, akawasha runinga, akachuchumaa mbele ya baba yake, akamwuliza:

— Baba, unataka kucheza?

Mzee aliitazama skrini mpaka Binti akaanza kujuta. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaishika pedi kwa upande mmoja.

— Mimi nitatembea. Wewe utaruka. Ila usiruke kabla sijasema.

Binti akakaa naye bega kwa bega, kidole gumba juu ya kitufe cha kurukia. Wakafika ukingoni. Kwa wasiwasi akaruka mapema, wakatumbukia.

— Kumbe na wewe mkono wako una kiharusi? Mzee aliuliza.

Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika. Binti akajifuta macho kwa mkono wa gauni, akashika tena upande wake wa pedi.

— Haya, Baba. Niambie niruke lini.