Mashine Haina Mkoba: Tunamuaga Bi Mwanaasha Bakiri

Alhamisi tarehe 31 Julai 2025, Bi Mwanaasha Bakiri anastaafu baada ya kuitumikia Darajani Simu kwa miaka ishirini na minne na miezi mitano. Alianza kazi tarehe 1 Machi 2001, wakati kampuni nzima ilikuwa meza moja nyuma ya duka la vitambaa hapa Mayfair, Johannesburg. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa karakana yenye watu kumi na tisa. Mhariri wa jarida hili ameniomba mimi, Falonne wa mapokezi, niandike wasifu wake kwa kuwa nimekaa karibu naye miaka kumi na mitatu. Nadhani pia ni kwa sababu nina jambo la kukiri, naye amechoka kulisikia likisimuliwa nusunusu wakati wa chai.

Bi Mwanaasha ni mzaliwa wa Tanga, mtaa wa Ngamiani. Baba yake alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, na binti ndiye aliyekuwa akimshikia tochi. Alipofika Johannesburg mwaka 1998 na mumewe, marehemu Twalib, hakuna aliyetaka fundi wa kike asiye na cheti, kwa hiyo akawa anauza kadi za simu kando ya barabara. Siku moja Bwana Abdulrahman, mwenye kampuni yetu, alimkuta akimfungulia mteja simu iliyokwama, kwa pini ya mtandio. Akasimama hadi simu ikawaka. Kesho yake Bi Mwanaasha alikuwa na meza, taa na bisibisi tatu. Bisibisi hizo bado anazo, na anayependa amani asijaribu kuziazima.

Miaka ya mwanzo wateja walikuwa wakiingia, wanamwona mama aliyejitanda mtandio, kisha wanauliza fundi atarudi saa ngapi. Alikuwa akijibu bila kuinua macho: "Amesharudi. Lete simu." Amefufua simu zilizotumbukia kwenye sufuria ya papu, ugali wa huku, kwenye ndoo ya rangi, na moja iliyomezwa nusu na mbwa wa mtaa wa Bellevue. Wateja waliofukia simu zao kwenye mchele ili zikauke aliwaambia mchele ni wa pilau. Neno "eish" amejifunza hapa hapa mjini, lakini hulitamka kwa lafudhi ya Tanga, polepole, na sote twajua maana yake: simu hiyo haina uhai tena, mwenyewe atafutiwe kiti.

Hayo ni ya kuchekesha. Ninalotaka kusimulia hasa lilitokea Agosti 2019.

Wakati huo simu za kukunja zilikuwa hazijafika madukani mwetu. Tulizisikia habarini tu: wengine wakizisifu, wengine wakiuliza kioo kitakunjwa mara ngapi kabla hakijafa. Jumatatu moja akaingia Cédric, mwakilishi wa msambazaji mmoja, kijana wa Lubumbashi mwenye suti iliyonyooka kuliko ukuta wetu. Alileta sampuli mbili za simu ya kukunja ambayo ilikuwa itoke baada ya miezi miwili. Kiwanda kilitaka duka moja mjini liwe lake, kuuza na kutengeneza, na Darajani Simu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Kilichohitajika ni taarifa ya ukaguzi yenye sahihi ya fundi mkuu. Fundi huyo angepelekwa ng'ambo kwa mafunzo ya miezi mitatu na kurudi na cheti.

Msomaji aelewe uzito wa neno hilo. Bi Mwanaasha alikuwa amefundisha mafundi wenye vyeti, amesahihisha kazi zao, na kila tulipoomba kazi kubwa mtu aliuliza karatasi zake ziko wapi. Siku ile nilimwona akiifungua ile simu kama mtu anayefungua msahafu, kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa kipana, na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Aliipenda. Alisema wazi kwamba angeweza kumwona mama yake wa Tanga uso mzima badala ya pua tu.

Kisha akauliza imejaribiwaje.

"Mama, mashine iliikunja mara laki mbili," Cédric akasema. "Laki mbili! Iko clair, wazi kabisa."

"Mashine hiyo ina mkoba?"

"Pardon?"

"Mashine haina mkoba, baba. Haina kucha, haina mafuta ya maandazi mikononi. Wala haikai La Rochelle."

Wanaokaa mtaa huo wanaelewa. Mwezi wa nane upepo hupita juu ya vilima vya mchanga wa migodi ya zamani, na vumbi la njano huingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Bi Mwanaasha aliomba ruhusa ya kuishi na simu zile siku kumi na nne, azitumie kama mteja anavyotumia. Cédric alisita, Bwana Abdulrahman akamsihi, wakakubaliana. Moja ikaingia kwenye mkoba wa Bi Mwanaasha, pamoja na funguo, tasbihi na karanga. Ya pili akanikabidhi mimi, kwa sababu, alisema, mimi nina kucha.

Sasa kukiri kwangu. Siku ya tano nilikuwa nyumbani Bellevue, namwonyesha jirani yangu Héritière ile simu. Nikaifungua kwa ukucha, kwa maringo. Kona ya ile ngozi laini inayofunika kioo ikanyanyuka. Nikaibonyeza, ikarudi, ikanyanyuka tena. Sampuli ya kiwanda, kazi yangu, kodi ya chumba, yote niliyaona yakinyanyuka na ile kona. Nikafanya ujinga ambao naandika hapa kwa mara ya kwanza bila kupunguza: nikaigandisha kwa gundi ya kope za bandia.

Asubuhi Bi Mwanaasha aliniuliza simu inaendeleaje. Nikamwambia inaendelea vizuri. Jioni akauliza tena, nikajibu vilevile. Siku ya saba akaiomba, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, akaigusa ile kona kwa ncha ya bisibisi.

"Falonne, gundi hii si ya kiwandani."

Nikaanza kulia, na Kiswahili cha nyumbani kwetu kikanitoka. "Mama, unisamehe. Miye njo niliharibu. Niliogopa."

Sikuwahi kumwona amekasirika namna ile, wala hakupaza sauti. "Hukuharibu. Uliifungua simu, nayo ikafunguka isivyotakiwa. Hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta siku zote saba. Ukinificha, simu inafaulu mtihani kwa aibu yako. Na mteja atakayeinunua yeye atamficha nani?"

Kisha akanipa leso na kalamu, akaniambia niandike: siku ya ngapi, saa ngapi, ukucha wa kidole gani. Niliandika yote, hata gundi ya kope. Ipo kwenye taarifa hadi leo, ukurasa wa kwanza, kwa jina langu.

Simu yake yeye ilidumu zaidi. Siku ya tisa pakatokea kivimbe kidogo kwenye mkunjo, kama punje ya mtama chini ya kitambaa. Vumbi lilikuwa limepita kwenye mwanya wa juu wa bawaba, pale simu inapokunjikia, likaingia nyuma ya kioo. Siku ya kumi na moja ukaja mstari wa kijani. Siku ya kumi na mbili nusu ya kioo ikawa nyeusi, katikati ya mazungumzo na mama yake. Alirudi kazini akaiweka mezani, na wote tukasubiri aseme "eish". Hakusema. Aliipangusa tu kwa ncha ya mtandio, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Bwana Abdulrahman alimwita ofisini na mlango haukufungwa vizuri, kwa hiyo karakana nzima ilisikia.

"Bi Mwanaasha, mimi sikwambii useme uongo. Andika tu kwamba inahitaji uangalifu."

"Mtoto mchanga ndiye anayehitaji uangalifu, tajiri. Simu inahitaji kupiga."

"Wenzetu wa mjini wataisaini kesho. Mkataba utakwenda kwao. Na safari yako je? Miaka yote unataka cheti!"

Tulisikia kiti kikisogea.

"Nakitaka," akasema. "Bado nakitaka. Lakini siwezi kukipata kwa kumuuzia mtu kitu ambacho mimi mwenyewe nimekiona kikifa mkononi."

Taarifa yake ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Alieleza mwanya wa bawaba, akauchora kwa penseli. Akaeleza kona ya ngozi ya kioo inavyonyanyuka, na akashauri kingo zake zipitishwe chini ya fremu ili ukucha usizipate. Mwisho aliandika: "Simu hii ni nzuri na ninaipenda. Haijawa tayari kuuzwa kwa mtu aliyejinyima ili aipate." Akatia sahihi.

Cédric alikuja kuchukua sampuli zake. Alisoma akiwa amesimama, akatikisa kichwa. "Mama, mlango umeufunga mwenyewe." Mkataba ukaenda kwenye duka jingine. Bwana Abdulrahman, ambaye kwa miaka kumi na minane alikuwa akinywa chai ya saa nne kwenye meza ya Bi Mwanaasha, akaanza kunywa ofisini peke yake. Baadhi yetu pia, tuseme ukweli, tulinung'unika. Tulikuwa tumeahidiwa karakana mpya na viyoyozi. Nilimwuliza kama anajuta. Akanijibu: "Nililia Jumamosi. Jumapili nikafua."

Miezi miwili ikapita na simu ile haikutoka. Tukasikia uzinduzi umeahirishwa. Kwa nini, hatukuambiwa. Mwishoni mwa Januari Cédric akarudi, safari hii bila tai, na boksi moja dogo. Akaomba kiti karibu na meza ya Bi Mwanaasha.

"Mama, wahandisi walisoma karatasi yako. Si wewe peke yako uliyelalamika, lakini wewe ndiye uliyechora. Wananiuliza: huyu mama anayebeba simu kwenye mkoba ni nani?"

Ndani ya boksi kulikuwa na simu ileile iliyorekebishwa. Juu na chini ya bawaba palikuwa na vifuniko vidogo, na kingo za ngozi ya kioo zilikuwa zimepita chini ya fremu. Nilijaribu kwa kila ukucha nilio nao, haukupenya hata mmoja. Cédric hakuja na mkataba, maana ulishakwenda, wala hakuja na safari ya ng'ambo. Nafasi ile alishaichukua mtu mwingine. Alikuja kuomba tu kama Mama angekubali kuibeba tena. Bi Mwanaasha akafungua mkoba, akasogeza karanga, akaitia ndani.

Ilimaliza siku zake kumi na nne, akaiongeza siku nyingine kumi kwa ukaidi. Akaandika kwamba sasa inaweza kuuzwa, ila mnunuzi aelezwe kwa lugha yake kuhusu vumbi. Siku aliyokabidhi taarifa hiyo, saa nne asubuhi, Bwana Abdulrahman alitoka ofisini na kikombe chake. Si mtu wa kuomba radhi, na hata Bi Mwanaasha si mtu wa kuombwa. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Chai ya peke yako haina sukari." Mama akamsogezea sahani ya kashata. Wiki ileile likatoka tangazo ambalo bado limebandikwa stoo: hakuna simu mpya itakayouzwa Darajani Simu kabla fundi mmoja hajaishi nayo siku kumi na nne. Wote tunaiita sheria ya mkoba. Imetukosesha biashara mara mbili tatu. Imetupa pia wateja wanaovuka mji mzima kuja kutuuliza swali moja: "Ninyi mnasemaje?"

Mengine aliyoyafanya ni mengi kuliko nafasi niliyopewa. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, saba kati yao wanawake. Wakati wa mgao wa umeme alipanga kazi za karakana kwa mwanga wa dirishani, na hakuna simu ya mteja iliyochelewa. Mimi mwenyewe alinitoa mapokezi kila Jumatano mchana, akanifundisha kubadilisha betri, kisha kioo, kisha bawaba. Kuanzia Agosti nitakaa kwenye meza ya mafundi. Cheti hakuwahi kukipata, na sitajifanya kwamba jambo hilo halimuumi. Anasema linamuuma kama goti, siku za baridi.

Mwezi wa tisa anakwenda Tanga kukaa na mama yake, mwenye miaka themanini na saba, ambaye bado humwita "mtoto". Binti yake Najma, aliyezaliwa hapa na anayesikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kizulu, atamsindikiza. Anasema atalala hadi jua limchoke, na mtu akimletea simu mbovu atajifanya mgonjwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwamini.

Ijumaa tarehe 1 Agosti, baada ya swala, karakana itafungwa mapema tule pamoja. Wote mnakaribishwa. Mwenyewe ameomba pasiwe na hotuba ndefu, na tajiri ameahidi, ingawa tunamjua.

Mama Mwanaasha, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa kila mara uliyotupa leso kwanza na kalamu baadaye. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi mwema na siku nyingi na mama yako. Nenda ukapumzike. Kazi tutaifanya vizuri, na tukiiharibu, tutasema.

Falonne, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Darajani Simu