Benchi la Nyuma la Baba Neema

Bwana Yesu asifiwe! Shikamooni wazee wa kanisa, nanyi wapendwa wote habari za asubuhi.

Ndugu zangu, mnanijua. Ni mimi Mama Neema, mwenye mgahawa pale Mikumi yanapoegeshwa malori, niliofungua serikali ilipotoa ruksa ya biashara binafsi. Na alama zangu mnazijua. Ukuni ukinigonga, mkono unavilia damu. Nikijikwaa, ngozi inachanika. Mkasema Baba Neema ananipiga. Nilipokana, mkasema namfichia mume wangu. Mkamtenga na meza ya Bwana, akakaa benchi la nyuma miaka minne, wala hakukosa Jumapili hata moja. Hilo liliniuma kuliko kidonda chochote.

Juzi nilichanika goti, nyuzi zikakataa kushika, nikapelekwa Morogoro. Daktari akasema atakata kipande cha ngozi akakipime. Ndugu zangu, nililia. Ngozi isiyoshika uzi ikatwe tena? Nikaomba palepale kitandani, Bwana anipitishie mbali kisu kile.

Daktari akaivuta ngozi ya kiwiko changu, ikavutika kama soksi. Akaghairi kukata. Akaleta ultrasaundi, ile ya wajawazito.

Nikamwambia, "Dokta, mimi umri huo umeshapita."

Akacheka, akanipaka mafuta ya baridi, akapitisha kifaa juu ya mkono. Hakuna sindano, hakuna damu. Kisha akampima nesi wake, tukaziona picha zote mbili. Ngozi yangu ilikuwa nyembamba mno.

"Mama, hujapigwa na mtu," akasema. "Umezaliwa hivi. Ni ugonjwa wa ukoo. Kwenu nani mwingine ana makovu haya?"

Mama yangu kule Ruhembe alikuwa nayo miguuni. Na baba yangu alikufa akiitwa mpiga mke. Mimi bintiye niliacha hata kumpa shikamoo.

Ndugu zangu, ugonjwa huu hauna dawa, lakini namshukuru Mungu, jina la mume wangu limepona! Na wewe unayesingiziwa, mtegemee Bwana, maana yeye huona hadi chini ya ngozi.

Wazee, barua ya daktari hii hapa. Baba yangu siwezi tena kumwomba radhi. Baba Neema yuko pale karibu na mlango. Nendeni mkamlete mbele. Mkichelewa, mimi nakwenda kukaa naye.