Siku Mtani Alipovaa Koti la Baba

Mwangaluka, ndugu zangu. Wa asalaam aleikum nawasalimu, wa Tumsifu Yesu Kristo nao nawasalimu. Chama chetu cha kuzikana hakibagui, maana kifo chenyewe hakibagui. Mwenyekiti kaniomba nisimame, nami nimemwambia, ukinisimamisha usinikatishe. Anacheka. Haya, cheka tu baba, utanyamaza sasa hivi.

Mnajua niliwahi kufanya kazi ofisini. Kazi gani, hamjui. Enzi zile za ujamaa nilikuwa mtunza masjala ya siri katika shirika moja la umma hapa Tabora. Sitalitaja. Barua yenye muhuri wa siri ikiingia, naipokea mimi, naifungia kwenye kabati la chuma, na funguo nilizivaa shingoni kwa kamba hata nikioga. Barua ikitoka, naitia bahasha ndani ya bahasha, naidondoshea lakiri ya moto, nagonga muhuri. Jioni nawapitia wapiga taipu, nakusanya karatasi zao za kaboni, maana ukiinua kaboni kwenye mwanga unasoma kila neno. Nazichoma nyuma ya ofisi, na majivu nayavuruga kwa kijiti. Bosi akiacha droo wazi, namfokea. Ndiyo, mimi, msichana wa porini huko Igalula, nawafokea mabosi! Waliniita Askari.

Na nilikuwa nimeapa. Nilishika Biblia nikaapa kwamba ninachokiona kazini hakitatoka mdomoni mwangu, si kwa mume wala kwa mzazi. Nawaambia kweli, kiapo kile nilikipenda. Kilinifanya nijione mtu.

Basi mwaka ule ikatoka amri, watu wanaoishi wametawanyika wahamie vijiji vya ujamaa. Amri yenyewe haikuwa siri, ilisemwa redioni. Siri ilikuwa ni lini, na nani waanze. Asubuhi moja ikaingia barua: shirika letu liazimishe malori ya kuhamisha watu. Nikapitia sehemu zilizotajwa, nikakuta kwetu. Na juma lenyewe la kuhama limeandikwa, halikuwa mbali. Ndugu zangu, barua ile niliifungia kabatini kama barua nyingine yoyote.

Jumamosi nikapanda treni kwenda nyumbani. Mama alikwisha fariki, baba alikuwa akiishi na kaka zangu. Nilimkuta uani anabangua karanga, pumu yake inamfanya apumue kwa mluzi. Kaka mkubwa alikuwa pembeni anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu."

Ndivyo alivyozoea kuniita. Mayu, yaani mama. Akanisogezea kigoda, akaniuliza habari za mjini, halafu akasema, "Mayu, wewe uko ofisini. Husikii lolote? Kaka zako wanataka kuezeka ghala upya. Tuezeke au tusiezeke?"

Swali dogo tu la mzee. Ningesema "msiezeke," wangeanza kuhamisha chakula kidogo kidogo, na mzee wangemtafutia pa kulala kwa jamaa kabla ya mvua. Lakini kaka yangu huyu, Mungu amrehemu, hakuwa na kifua. Jambo ukimwambia asubuhi, mchana linachezewa ngoma. Watu wangekimbia, malori yangekuta majumba matupu, na mimi ningekwenda jela. Na kile kiapo!

Nikatazama chini. "Sijasikia kitu, baba."

"Haya," akasema. Akaendelea na karanga zake.

Maagizo ya madereva niliyafunga kwa mkono wangu, na lakiri ile ile. Watu wa kwetu walipakiwa asubuhi ghala likiwa limejaa, wakaambiwa wachukue kinachobebeka. Walikoshushwa hapakuwa na nyumba, palikuwa na vigingi tu vilivyochomekwa kuonyesha viwanja. Kaka zangu wakamjengea baba kibanda cha nyasi. Zikaja mvua za kwanza, na nyasi mbichi hazizuii kitu. Pumu ikamkamata. Taarifa iliponifikia ofisini alikuwa ameshakata roho.

Nilipofika msibani, kaka mkubwa alikuwa ananingoja njiani. Dereva wetu mmoja, mtu mwema wala hakuwa na nia mbaya, alikuwa amefika kutoa pole akasema: kumbe marehemu ndiye baba wa yule dada wetu wa lakiri, aliyetupa bahasha za safari!

"Ulijua?" kaka akaniuliza.

Nikatua kikapu changu chini.

"Nakuuliza wewe. Ulijua?"

"Nilijua, kaka."

"Na mzee alikuuliza! Mimi nipo pale, nasikia kwa masikio yangu!"

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikataza nisipewe nafasi kwenye mkeka wa wanawake. Chakula nilichobeba hakikuguswa, kikachacha kikapuni. Kwetu siku ya kuanua matanga wafiwa hunyolewa nywele, na kaka akatangaza, "Huyu asinyolewe. Si mfiwa." Akina mama, mnalisikia neno hilo? Kifo cha baba yako mzazi, unaambiwa si mfiwa! Nikaenda kukaa peke yangu kwenye mafiga ya nje. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku hiyo hiyo ya kuanua matanga akaja mtani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu wanabeba mizigo njia ya pwani, na mtani akifika msibani hana wa kumzuia. Huyu alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli pale Igalula, mama wa Kizaramo mwenye mwili wake na mdomo wake. Kafika tu kanyakua koti la baba, kalivaa, kashika fimbo, kakohoa na mluzi ule ule. Watu wakawa wanacheka huku wanalia.

"Wanyamwezi wachoyo nyie!" anafoka. "Mmeniwahisha kaburini ili mle karanga zangu! Na kaburi lenyewe mmenichimbia fupi, magoti yamenikunjika!"

Akazunguka, akawachapa wajukuu kwa fimbo kidogo kidogo, mpaka akanifikia mimi kwenye mafiga. Akaniinamia ndani ya koti lile linalonuka moshi na baba.

"Mayu," akasema, "tuezeke au tusiezeke?"

Nililia, ndugu zangu. Nilitoa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Na yeye akawa analia. Akamgeukia kaka, utani umemwishia.

"Baba yenu alikuja kwangu stesheni, binti alipoondoka tu. Kaleta mbegu zenu kwa baiskeli ya kuazima, karanga na mtama. Kasema, nifichie hizi, tunahamishwa. Nikamuuliza nani kakwambia? Kasema, nimemuuliza mwanangu tuezeke au tusiezeke, kaniambia hajasikia kitu, na huyu tangu mdogo akinidanganya anatazama miguu yake. Nikamwambia basi waambie wanao wajiandae! Akasema nikiwaambia watauliza nimejuaje, na mwanangu atafungwa. Kaapa, mama. Niache nimsaidie kunyamaza."

Akapenga kamasi kwa mkono wa koti. "Mbegu ziko kwangu. Njooni mzichukue, wezi nyie, kabla sijakaanga."

Baba alijua. Alipanda lori lile anajua, akajifanya hajui, na kukohoa kwake kote, ili mimi nisiguswe. Angesema, angekuwa hai? Sijui. Wapo watakaoniambia ningefungua mdomo, wapo watakaosema kiapo ni kiapo. Naomba msinipe jibu. Nimelitafuta mpaka mvi zimenijaa, na kuna siku bado nalia jikoni peke yangu.

Kaka alisimama pale, nikadhani ataondoka. Akaingia ndani, akatoka na wembe, akampa mtani.

"Mnyoe na huyu," akasema. "Ni mfiwa."

Mtani akanikalisha chini, akaninyoa huku ananitukana kwamba kichwa changu kigumu kama cha mzee. Wanawake wakasogea. Mbegu zile tulizipanda kijiji kipya, na nyumba yetu haikulala njaa. Kazini nilirudi, nikafunga na kufungua lile kabati mpaka nikastaafu, lakini ile raha ya kuitwa Askari iliisha.

Namshukuru mama yule wa Kizaramo, popote alipo, hata kama alikula karanga zetu nusu, na najua alikula. Namshukuru kaka yangu kwa wembe ule. Baba, sina neno la kumfaa.

Fundisho langu ni fupi. Kuna mmoja wetu leo kaketi kule nje barazani tangu asubuhi, kwa yale mnayoyasema juu yake. Simtaji. Huenda mnayoyasema ni kweli, huenda si yote. Lakini kafiwa. Mimi nikimaliza hapa siendi kwenye kiti changu, nakwenda kukaa naye. Anayetaka anifuate.