Gramu Moja kwa Siku

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda changu cha kutengeneza saa, na mguu wake mmoja ni tofali. Siku hiyo ilikuwa saa tisa alasiri, saa ambayo jua limechoka na watu wamechoka. Wakili alikuwepo. Huyu anauza magazeti. Mahakamani kaingia mara moja tu, tena kama shahidi, lakini hapa benchini hajashindwa kesi hata moja. Shangazi alikuwepo na birika lake la kahawa. Kipimo, mwashi, alikuwa ametoka kazini na saruji kwenye kope. Na kule mwisho wa benchi, mahali pake pa siku zote, aliketi kaka yake Kipimo, tunayemwita Redio. Alikuwa mpiga mnada wa nguo sokoni kwa miaka thelathini, sauti yake ikisikika hadi ng'ambo ya barabara. Miezi mitano iliyopita kiharusi kilimwangusha katikati ya mnada, shati la mteja mkononi. Mkono wa kulia ukalegea. Maneno yakamtoka yote, yakabaki matatu ya mnada: "mara ya pili." Ukimsalimu, mara ya pili. Akitaka maji, mara ya pili. Mama wa nyumba ile alifariki zamani, na mtoto ni mmoja tu: binti aliye mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea sayansi ya ubongo na neva. Kipimo alimpigia simu, akafika jana. Mitihani yake inaanza Jumatatu, na asipofanya amepoteza mwaka. Arudi au abaki, ndiyo kesi iliyokuwa benchini.

Kipimo: Nimemwambia abaki. Nimechoka, jamani. Alfajiri namwogesha kaka, namvisha, namlisha, halafu nakwenda kupanda jukwaa na ndoo ya zege. Jioni yale yale. Mke wangu mgongo umemkatalia. Na mtu wa ubongo tunaye ndani ya ukoo!

Wakili: Hapo ndipo kesi ilipolala. Mtoto anasoma ubongo, baba anaumwa ubongo, baba haponi. Sasa huko anasoma nini?

Mimi: Si udaktari. Alishatuambia tangu mwaka wa kwanza.

Wakili: Usomee ubongo usiwe daktari? Ni kama kusomea mbuzi usijue kuchinja.

Shangazi: Kwani huo ubongo una uzito gani hata usomwe miaka minne?

Kipimo: Nilimwuliza. Kama kilo moja na nusu.

Akatoa penseli nyuma ya sikio, akapiga hesabu pembeni mwa gazeti la Wakili, ambalo bado lilikuwa halijauzwa.

Kipimo: Miaka minne ni siku elfu moja mia nne na sitini. Gramu ni elfu moja mia tano. Basi ni gramu moja kwa siku.

Wakili: Gramu moja kwa siku! Hata mimi ningefaulu, na Jumapili ningepumzika.

Redio: Mara ya pili.

Wakili: Mnaona? Mwenye ubongo wake anakubali.

Tulicheka kidogo, kicheko cha watu waliokwisha kucheka sana maishani. Shangazi akaongeza kahawa.

Shangazi: Mimi nasema maneno hayajapotea. Yameteremka. Yako kwenye ule mkono wa kulia, ndiyo maana ni mzito. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Shangazi, methali hiyo imeingiaje hapo?

Shangazi: Kibaba ndio mkono.

Kipimo: Hapana. Ni unyevu. Ukuta ukinyonya maji kutoka chini, rangi inabanduka juu. Maneno ni rangi. Wangemlaza kichwa kikiwa juu tangu siku ya kwanza, saa hizi anapiga mnada.

Wakili: Nyote hamjui. Kila mtu huzaliwa na maneno yake ya kuhesabu. Wewe na mimi tunayatumia polepole. Huyu kwa siku moja sokoni alikuwa anatumia ya mwaka mzima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu kavunjika ulimi.

Kipimo: Sasa dawa yake?

Wakili: Kuongezewa. Chuo kikubwa kama kile kinakosaje maneno ya akiba? Wanayo kwenye mashine. Wanakuunganisha waya hapa kisogoni, unalala, asubuhi unaamka unaongea. Binti anajua, anaficha. Labda mpaka afike mwaka wa nne.

Redio: Mara ya pili.

Wakili: Tulia, mzee, tunakutetea.

Ndipo binti alipotokea kwenye kona, daftari kwapani, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ametoka hospitali. Akatuamkia wote kwa adabu, akachuchumaa mbele ya baba yake, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, kisha akaketi kwenye tofali la ziada.

Kipimo: Wamesemaje?

Binti: Mtu wa kumfanyisha mazoezi ya kuongea yupo, baba mdogo. Anakuja mara moja kwa mwezi. Nimeandikisha jina. Mazoezi ya kufanya nyumbani nimeyanakili humu.

Wakili: Binti, samahani, na usinione nakudharau. Miaka mitatu unasoma ubongo. Sisi tunauliza kama wazee wako: umempatia nini baba?

Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa swali hilo na kila jirani tangu ashuke kwenye basi.

Binti: Nasoma seli, mzee. Nakata vipande vya ubongo wa panya, vyembamba kuliko karatasi ya gazeti lako, natazama kwa hadubini, nahesabu. Nasoma takwimu. Sijawahi kumgusa mgonjwa. Mwaka jana kwenye mtihani tuliulizwa juu ya sehemu moja ndogo, upande wa kushoto, inayotengeneza usemi. Nikaandika kurasa tatu. Nilipata kumi na nane kwa ishirini.

Akagusa kichwa cha baba yake juu ya sikio la kushoto.

Binti: Ni hapa. Nilijua jina la mahali hapa kabla hapajamponza. Nilipopigiwa simu nikafungua daftari langu mwenyewe, nikasoma majibu yangu mwenyewe, hayakuwa na kazi hata moja.

Kipimo alitazama mikono yake. Shangazi akajifanya anaangalia makaa.

Kipimo: Basi si uache, mwanangu? Kama hayana kazi. Ubaki, tusaidiane.

Binti: Nitabaki ukiniambia nibaki, baba mdogo. Wewe ndiye unayemwogesha. Sina mdomo wa kukukatalia.

Redio: Mara ya pili.

Binti aligeuka, akamtazama. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja.

Binti: Naomba kuuliza kitu kidogo. Baba amesema kitu sasa hivi. Alikuwa anataka kusema nini?

Wakili: Si hivyo hivyo? Mara ya pili.

Binti: Hayo ndiyo yanayotoka. Mimi nauliza aliyoyataka.

Wakili, ambaye hajawahi kukosa jibu, alianza kupanga magazeti yake. Shangazi alisema "Mh," basi. Mimi nilikuwa na saa ya mtu mkononi, nikaendelea kuigeuzageuza kama jibu limeandikwa mgongoni mwake. Miezi mitano mtu tunaketi naye benchi moja, tunamgawia kahawa, tunabishana juu ya kichwa chake, na hatukuwahi kujiuliza. Kipimo peke yake alisema, kwa sauti ndogo:

Kipimo: Sijui. Huwa nadhani ni maji. Nampa maji.

Binti: Anaelewa kila kitu tunachosema. Kila kitu. Kinachomchelewesha ni kutoa. Inaweza kuchukua dakika nzima, na mtu akimdakiza anaanza upya. Tumngojeeni.

Akamshika baba yake mkono wa kushoto, ule mzima. "Baba, sema. Hatuna haraka."

Redio akavuta pumzi. Midomo ikajipanga, ikapanguka. Mshipa ukamsimama shingoni. Sijui kama mmewahi kuona mtu akitafuta neno kama anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uliotoboka. Gari likapita, likatutupia vumbi, hakuna aliyekohoa.

Redio: U... ume...

Wakili: Umechoka! Anasema umecho—

Binti akainua kiganja bila kugeuka. Wakili akajishika mdomo.

Redio: Ume...

Jasho lilimtoka. Alifumba macho. Nilitamani kumsaidia, kila mmoja wetu alitamani, na kungoja kule kulikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya siku hiyo. Kisha akafumbua macho, akamtazama mtoto wake.

Redio: Umekula?

Binti hakulia. Alishusha pumzi tu, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo pembeni mwa njia.

Binti: Sijala, baba. Tangu jana kwenye basi.

Tukatazamana. Jana alipofika tulimpokea wote. Tulimwuliza juu ya ubongo, juu ya dawa, juu ya mitihani. Na leo Shangazi alikuwa amekaa na vitumbua chini ya kitambaa tangu adhuhuri, na hakumpa hata kimoja. Sasa alivitoa vyote, akampa mikononi, akageukia pembeni.

Kipimo alisimama. Alijipangusa saruji magotini, akamshika kaka yake kwapani, akamwinua taratibu kama alivyozoea. Wakatembea hatua tatu. Kisha akasimama, akamgeukia mtoto.

Kipimo: Basi lako la kesho linaondoka saa ngapi?

Binti: Saa moja asubuhi.

Kipimo: Nitakuamsha.