Linki Elfu Moja kwa Cherehani Moja

Benchi lile zamani lilikuwa mlango. Ulikuwa mlango wa chumba cha kufungia plasta, enzi hizo hospitali ikiwa ng'ambo ya barabara. Hospitali ilipohamia upande wa pili wa mji, waliobomoa wakautupa nje, na fundi viatu wa kibanda cha jirani akauokota na kuuwekea miguu minne. Maandishi ya "Gonga kwanza" yapo hadi leo, na anayekaa katikati huyakalia. Hapo ndipo wanapokunywa kahawa kila asubuhi watu watatu wasiokosekana. Kuna Spika, muuza redio na vocha, ambaye kwa sauti aliyonayo hata hizo redio hazihitaji. Kuna Kamusi, mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, anayejua kila neno, hata yale yasiyokuwepo. Na kuna fundi viatu mwenyewe, ambaye mtaa mzima unamwita Kisigino. Kahawa inamiminwa na Dada Birika, na huyo ukimkatiza akiongea, kikombe chako kinasahauliwa. Asubuhi hiyo walimkuta Kisigino amekaa pembeni, na mlangoni pake kuna kitu kikubwa kimefunikwa shuka.

— Nani amekufa humo? Dada Birika aliuliza.

— Hakuna aliyekufa. Ni cherehani yangu kubwa ya ngozi. Saa sita wanakuja kuichukua.

— Wanaichukua akina nani?

— Yule jamaa wa linki.

Kamusi alirudisha kikombe chini bila kunywa.

Ili uelewe uzito wa neno hilo, ujue kwamba Kisigino si fundi wa kubandika soli tu. Anashona viatu vya watu ambao miguu yao haikupatana: mmoja mfupi na mwingine mrefu, au uliopinda baada ya ajali, au uliobaki bila vidole. Kwa miaka ishirini na mbili wagonjwa walivuka barabara na karatasi ya daktari, wakakanyaga daftari lake, naye akachora unyayo kwa penseli na kuandika jina la mtu pembeni. Madaftari kumi na moja yamejaa. Hospitali ilipohama, karatasi za daktari nazo zikahama. Huu ni mwezi wa sita hajashona soli nene hata moja. Anabadilisha zipu za mabegi na kuunga mikanda ya kandambili. Binti wa dada yake alimtengenezea tovuti nzuri, yenye picha, akamwambia, "Mjomba, sasa mwenye shida atakupata mtandaoni." Wapi! Ukiuuliza mtandao kuhusu kiatu cha mguu mfupi, unakuletea viatu vya harusi, viatu vya mpira, hata vya farasi. Kisigino hayumo. Alikuwa ameshajiambia kwamba mwezi mwingine wa namna hii ukipita, anafunga kibanda na kwenda kulinda geti la mtu. Wazo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka wenzake wajue.

— Hebu nielezeni mimi nisiyesoma, alisema Dada Birika. Linki ni nini hasa?

— Ni tovuti nyingine kukutaja, Kisigino alijibu. Mtu akibonyeza pale ulipotajwa, anafikishwa kwako. Ukitajwa na wengi, mtandao unasema, kumbe huyu anajulikana, unakusogeza mbele. Jamaa ananipa linki elfu moja, mimi nampa cherehani.

— Elfu moja! Spika alipiga paja. Utakuwa mtu mzito wewe! Ukipita barabarani tutaomba ruhusa kukusalimia.

— Na hao elfu moja wanaomtaja wamemjulia wapi? Dada Birika aliuliza.

— Tovuti zote ni za jamaa mwenyewe, Kisigino alisema, na sauti ikapungua kidogo. Nyingine za kamari. Nyingine za dawa za kurefusha nywele. Nyingine za keki.

— Mtu ametafuta keki, aje akukanyagie daftari?

— Dada, wewe unafikiri mtandao unasoma? Kamusi aliingilia. Mtandao hausomi, unahesabu. Na unapofika huku kwetu umeshachoka. Fikiria, umepita kwenye waya chini ya bahari, umezunguka dunia, ukifika hapa unaangalia herufi ya kwanza tu unalala. Ndiyo maana mimi kwenye saraka nilimwandika kwa A.

— Uliniandika kwa A vipi? Kisigino aliuliza.

Hapo mambo yakaanza kutoka moja moja. Ni kwamba yule mpwa, kabla hajarudi chuoni, aliacha maagizo: mjomba aandikishwe kwenye saraka za mtandaoni, zile orodha kubwa za biashara, kila fundi na fani yake, ila zichaguliwe zinazohusika, na kote iandikwe jina lile lile, mahali pale pale na simu ile ile. Kisigino, ambaye simu yake ni ya kubonyeza vitufe, aliwaachia wenzake. Wakagawana kazi kwa moyo mmoja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ameandika nini.

— Aaa Taasisi ya Nyayo, alisema Kamusi kwa fahari. A tatu. Mahali: jengo la zamani la hospitali, kwa sababu lina hadhi kuliko kibanda. Usininunie.

— Jengo lenyewe si limebomolewa nusu? Kisigino aliuliza.

— Nusu ipo.

— Mimi nilimwandika Kisigino Kimataifa, alisema Spika. Simu niliweka yangu, maana wateja wa nje wanataka mtu wa kuongea nao vizuri. Na sikubagua. Saraka za viatu, nikaingia. Za mabibi harusi, nikaingia. Za matairi pia.

— Matairi?

— Tairi ni kiatu cha gari, bwana! Fikiri kwa upana.

Dada Birika alikohoa. Alimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

— Mimi nilifanya moja tu, alisema. Haikuwa na sehemu ya viatu. Nikaweka kahawa na vitafunwa. Na namba yangu, kwa sababu simu yako haina chaji siku zote.

Spika akawa na maelezo yake tayari. Alisema kosa si la mtu, mtandao una kijicho. Ukiona fundi wa kweli anafichwa na viatu vya farasi, ujue kuna mkubwa mahali fulani amekaa mbele ya kompyuta, kazi yake kumzuia Kisigino tu, anapokea mshahara kwa hilo. Kamusi akasema hapana, ni majina mengi yanayomchanganya mtandao, kwa hiyo dawa ni kuongeza majina hadi mtandao usalimu amri. Wakabishana hivyo mpaka mate yakakauka. Kisigino alikuwa akiwaangalia tu. Watu hawa wanampenda, alijua. Angekuwa amepatwa na adui ingekuwa rahisi, angemfokea.

— Zote zilikubali? aliuliza. Hakuna hata moja iliyokataa?

Kamusi akaanza kufuta miwani.

— Kulikuwa na moja yenye maringo. Saraka ya wale wanaowapa wagonjwa mazoezi ya viungo. Haikubali mpaka mtu wao asome. Waliandika, kabla hatujakuorodhesha, tutajie watu wawili waliotumia kazi yako.

— Lini?

— Wiki tatu hivi.

— Wiki tatu! Kamusi! Na mimi siambiwi?

— Niliwajibu, bwana. Niliwatajia mimi na Spika.

— Wakasemaje?

— Wakatuuliza kila mmoja ana tatizo gani la mguu.

— Mimi nikawaambia ukweli, Spika alidakia. Namshukuru Mungu, sina tatizo lolote. Hawajajibu tena mpaka leo. Watu hawana adabu.

Dada Birika alicheka mpaka akaweka birika chini. Kisigino naye alikuwa akihesabu. Orodha moja katika zaidi ya sitini, na ndiyo hiyo pekee iliyouliza swali la maana, nayo imepita mikononi mwao. Alitazama shuka mlangoni. Chini yake ilikuwepo cherehani iliyopitisha sindano kwenye soli nene kama kitabu, na hapa anaitoa ili ajulikane kwa kazi ambayo bila hiyo hataweza kuifanya. Jambo hilo hakuwa ameliona mpaka dakika ile, na alipoliona aliona aibu.

— Hodi hapa. Habari za asubuhi.

Wote waligeuka. Kisigino, kwa mazoea ya kazi, aliangalia miguu kwanza. Viatu vyeusi, cha kushoto soli yake imeinuliwa, imelika upande wa nje. Nyuma ya kisigino, mishono miwili sambamba ya uzi mwekundu. Uzi ule ni yeye tu anayeutumia. Ndipo akapandisha macho, akaona mama wa makamo, mkoba begani, jasho usoni.

— Nzuri, mama. Karibu ukae, alisema Dada Birika, akimsogezea nafasi.

— Nimetembea sana. Namtafuta fundi mmoja, na sijui kama nimefika au nimepotea tena. Nilipouandikia mtandao jina lake, Kisigino, na mtaa huu, ukanipa watu watatu, kila mmoja anasema ndiye yeye. Namba ya kwanza nikapiga, baba mmoja akaninadia redio.

Spika aliinama kufunga kamba za kiatu kisichokuwa na kamba.

— Ya pili, dada akaniuliza nataka vikombe vingapi. Nikaona basi, nifuate taasisi. Nimefika pale kwenye lile jengo, mlinzi kanifukuza, anasema linadondoka. Miaka ile nilivuka tu kutoka lango la hospitali; sasa lango halipo, sipatambui, nikapita njia hii kwa kubahatisha.

— Umefika, mama, Kisigino alisema. Hicho cha kushoto nilikishona mimi.

Mama yule alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

— Kumbe upo! Mimi napiga pasi kwenye kiwanda cha dobi, nasimama saa tisa kwa siku. Kiatu hiki kimenibeba miaka saba, na sasa kimeanza kunivuta nyonga. Juzi pale hospitali mpya dada mmoja wa mazoezi ya viungo akaniuliza, nani alikushonea hiki? Wana ukurasa wao wa kuwaelekeza wagonjwa. Nikamwambia, yupo fundi mmoja, lakini sijui kama bado yu hai.

Neno hilo lilimpiga Kisigino kifuani. Spika naye aliona pamekaa vibaya, akaamua kuparekebisha kwa sauti.

— Usijali, mama, ndiyo shughuli tuliyonayo hapa. Sisi ndio tunaomtangaza. Tumemuandika kila mahali, na leo anaongezewa linki elfu moja. Dunia nzima itamsifia!

Mama aliwaangalia mmoja mmoja, bila ubaya wowote.

— Kati yenu, nani amevaa kiatu chake?

Spika alirudisha miguu chini ya benchi. Kamusi, mwenye neno la kila jambo, alitazama kandambili zake. Dada Birika alitikisa birika, likatoa sauti ya utupu. Kahawa ilikuwa imekwisha. Kisigino aliona swali ni lake kuliko la wote. Miaka ishirini na mbili, madaftari kumi na moja, na hakuna mtu hata mmoja aliyevaa kiatu chake aliyewahi kuombwa aseme neno. Alikuwa akitafuta wa kumtaja kwenye keki na kamari, ilhali wanaomjua wamechorwa humo ndani, unyayo kwa unyayo.

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na madaftari ameyakumbatia yote, akayaweka juu ya benchi palipoandikwa "Gonga kwanza".

— Mama, nina ombi. Kuna saraka inataka watu wawili waliotumia kazi yangu. Ukikubali, jina lako litakuwa la kwanza. Na yule dada wa mazoezi mwambie nipo. Akitaka aje aone kwanza kabla hajamwelekeza mtu, sawa kabisa.

— Nikubali mara ngapi? Si nimetembea nacho miaka saba?

— Na wa pili? Kamusi aliuliza kwa upole ambao si wake. Alikuwa ameshatoa kalamu.

Mama alianza kufungua kurasa. Kidole chake kilipita kwenye majina taratibu, kikasimama.

— Huyu namjua. Anafundisha shule ya msingi kule kwetu. Huyu atakutaja hata ukimuamsha usingizini.

— Nyinyi wawili, Dada Birika aliwageukia Kamusi na Spika, leo hakuna biashara. Mnakaa kwenye hiyo kompyuta, mnaanza na matairi, mnafuta. Zinazohusika mnazirekebisha. Jina moja, mahali pamoja, namba moja. Ya Kisigino mwenyewe. Na chaji nitamwekea mimi.

— Zaidi ya sitini? Spika alilalamika.

— Si ulifikiri kwa upana?

Kisigino hakuwasikiliza. Alikuwa amepiga magoti, amefungua ukurasa mweupe, na mama ameshavua kiatu na kuukanyaga. Penseli ilizunguka vidole, ikashuka ubavuni taratibu. Tofauti ilikuwa imeongezeka kwa upana wa kidole. Soli itakuwa nene zaidi, na mshono wa mkono hautaishika.

Gari dogo la mizigo lilisimama ukingoni mwa barabara, likapiga honi mara mbili. Ilikuwa saa sita kasoro.

— Fundi, wamefika, alisema Spika, kwa sauti ndogo ambayo benchi lile halikuwahi kuisikia kwake. Niwaambieje?

Kisigino hakuinua kichwa. Penseli ilikuwa bado haijakamilisha unyayo.

— Waambie cherehani ina kazi.